UZI: Mbu wa karoni anataga mia mbili kwa mpigo, wa kwenye kifuu anagawa. Nani kawafunza hesabu?

Kifuu_Kitupu
Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Kwenye ule uzi wa mbu wa masika kuna mtu kauliza kile kidude cheusi kinachoelea juu ya maji ya karo ni kitu gani, akajibiwa uchafu tu. Si uchafu yakhe. Ni mayai ya mbu, yamesimama wima moja ubavuni mwa jengine yakagandana yakawa chelezo, na chelezo kimoja kina mayai 100, 200, hata 300, yote ya mama mmoja kayataga kwa mkao mmoja. Huyo ni Culex, mbu wetu wa usiku anaezaliwa kwenye maji machafu.

Sasa mtazame Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana na ndie wa dengi. Nae akishashiba damu anapata mayai kama 100 hivi lakini hayaweki pamoja. Anabandika machache kwenye ukuta wa ndoo juu kidogo ya maji, anaruka, anabandika mengine kwenye kifuu, mengine kwenye tairi bovu nyuma ya banda, ivo ivo mpaka yaishe. Na Anopheles wa malaria anadondosha moja moja juu ya maji, kila yai na viboya vyake viwili vya hewa ubavuni.

Wote mbu, wote damu yetu wanakunywa, miili haipishani sana, sasa kila mmoja na staili yake kwa nini? Ninachosema mie ni kwamba idadi ya mayai pahala pamoja haiamuliwi na tumbo la mama peke yake, inaamuliwa na nyumba watakayozaliwa watoto: ina chakula kiasi gani, itadumu siku ngapi, na nyumba nyengine iko mbali kiasi gani. Karibuni mnipinge.

UrojoMkali
Walaykum salaam. Nikupinge nini na ndo kwanza nimeshika bakuli la urojo weye unanitajia karo 😂 Ila swali, unataka kusema mbu anakaa kitako anapiga hesabu? Akili hiyo kaipata wapi

Kifuu_Kitupu
Hapigi hesabu hata kidogo. Ni kwamba zamani na zamani walikuwepo mama wa kila tabia, kuna walojaza mayai mengi mno pahala padogo watoto wakafa njaa, kuna waloweka machache mno wakapotezea nafasi nzuri, na kuna waloangukia katikati. Wa katikati watoto wao ndo walobaki, wakarithi tabia ya mama yao. Rudia vizazi na vizazi utapata mbu anaefanya jambo la busara na kichwani hana busara yoyote.

Karafuu_Kavu
Mwenyezi Mungu ndie alompangia kila kiumbe riziki yake, hayo mengine maneno tu.

Kifuu_Kitupu
Sijabisha hilo shekhe. Mie nauliza kapanga kwa utaratibu gani, maana mpango wenyewe ukiutazama una nidhamu ya ajabu.

Karafuu_Kavu
Hapo sawa. Endelea.

Kifuu_Kitupu
Haya. Mjadala wenyewe kisayansi ulianzia kwa ndege. Mwaka 1947 Muingereza David Lack, mtaalamu wa ndege, alieleza kwamba ndege haachi kutaga kwa sababu mayai yamemwishia tumboni, anaishia kwenye idadi ambayo mwisho wa siku itatoa makinda mengi zaidi yenye uhai. Akizidisha, wazazi hawawezi kuwalisha wote, wanakonda, wanakufa, anapata pungufu kuliko angetaga machache.

Wadudu wengi wao hawalishi watoto. Mama anataga, anakwenda zake. Kwa hivyo kinachobana si nguvu ya mzazi, ni chakula kilichopo pale pale alipotaga. Na kuna tofauti ya pili ambayo mie ndo inanifurahisha, ndege kwa kawaida ana kiota kimoja kwa wakati mmoja lakini mdudu anaweza kuondoka akatage pengine. Nambari hizi natunga ili tuelewane tu: pahala fulani ukiweka mayai 5 wanakua 4, ukiweka 10 wanakua 6, ukiweka 15 wanagombania wanakua 5 tu. Kwa hesabu ya Lack utasema bora 10, maana 6 ndo wengi kuliko wote. Lakini kama kuna pahala pengine kama hapo jirani, mama mwenye mayai 10 akigawa 5 huku na 5 kule anapata 8. Umeona? Kwa hivyo mdudu ambae nyumba ziko karibu karibu anatakiwa atage pungufu ya ile nambari ya Lack. Nyumba zikiwa mbali, au njiani kuna mijusi na buibui na yeye mwenyewe maisha yake mafupi, hapo bora amwage yote alipofika.

Watafiti wakina Parker na Courtney, na Charnov na Skinner, mwaka 1984 waliliandikia hilo mahesabu kamili kwa upande wa wadudu. Sitayaweka hapa, mtanikimbia.

MwanaKusini
Kwahiyo Culex anamwaga yote kwa sababu karo halikauki?

Kifuu_Kitupu
Halikauki, na limejaa chakula. Viluwiluwi vinachuja vijidudu vya kwenye maji machafu, shimo moja la choo linalisha maelfu na maelfu. Hapo kugawa kwa faida ipi? Tena lile chelezo linatoa harufu inayowaita mama wengine waje wataga hapo hapo, hiyo kemikali watafiti waliitambua mwaka 1982. Yani ni mtaa unaoita wapangaji. Aedes kifuu chake kina maji ya kikombe kimoja, jua kali la siku chache yamekwisha, kuku akikipindua ndo basi, kwa hivyo akiweka yote pamoja kacheza kamari. Na yai lake likishakomaa linastahamili ukavu miezi kadhaa, linasubiri mvua ipande mpaka lilipo ndo lianguliwe.

MwanaKusini
Hapo umenikumbusha hadithi ya wazee wetu Makunduchi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya mashimo na makaro kule vilimwagiwa zile chenga nyeupe za plastiki, zile zinazokuwemo kwenye maboksi ya TV, zikafunika maji yote juu. Ilikuwa mradi wa matende na mabusha, watu wakapewa na dawa ya kumeza. Kiluwiluwi hakipati pa kuvuta pumzi, na mama nae hapati maji wazi ya kuwekea hilo chelezo. Mbu walipungua sana na maambukizi yakashuka. Wala hazihitaji kuongezwa kila wiki kama dawa, zinaelea tu hapo.

Kifuu_Kitupu
Umemaliza kabisa. Na ilifaa pale hasa kwa sababu Culex kaweka kila kitu kwenye shimo, unaziba mashimo ya kijiji kizima unayoyajua yalipo, umemmaliza. Jaribu mtindo huo kwa Aedes, utaziba vifuu vingapi vya Unguja hii?

Tumbatu_Hewani
Mkuu naomba nikubane kidogo. Anopheles umesema moja moja, lakini si anadondosha moja moja kwenye dimbwi hilo hilo? Sasa hapo kagawa nini? Mayai yakitawanyika juu ya maji ya dimbwi moja watoto chakula chao ni kimoja vile vile.

Kifuu_Kitupu
Swali zuri kuliko uzi wenyewe. Kweli kabisa, kuna mambo mawili tunayachanganya, mayai yamegandana au hayakugandana, na mayai mangapi yako ndani ya nyumba moja. Culex kayagandisha, Anopheles hakuyagandisha, lakini wote wanaweza wakawa wameacha mengi kwenye maji yale yale. Alogawa nyumba hasa ni Aedes. Kugandana kuna sababu zake nyengine, yai la Culex likisimama ndani ya chelezo linaelea bila ya kiboya chake peke yake, la Anopheles limelala peke yake ndo maana likapewa viboya viwili.

Bi_Choroko
Mie si msomi lakini nauza choroko na kunde, na hivo vidudu vyake vinanitia hasara kila msimu. Nikiitazama punje vizuri naona kidoa cheupe kimoja nje, punje ya pili kimoja, ya tatu kimoja. Hayo ndo mayai? Na mbona moja moja kama kagawa kwa kijiko

Kifuu_Kitupu
Shikamoo bi. Ndo hayo hayo, na mfano wako ndo safi kuliko wa mbu. Mdudu huyo, jina lake la kitaalamu Callosobruchus, anabandika yai nje ya punje, mtoto akianguliwa anatoboa moja kwa moja kuingia ndani na hatoki tena mpaka awe mkubwa. Hawezi kuhamia punje ya pili. Nyumba yake ni punje moja, chakula chote cha utoto wake ni kile kiini cha ndani ya ile punje. Wakiingia wengi wanabanana, wanatoka vidogo vidogo au hawatoki kabisa, na kuna jamii za mdudu huyu ambazo wakikutana ndani anabaki mmoja tu.

Mama anazunguka juu ya punje, akikuta pameshawekwa yai anaiacha anatafuta tupu. Si kwamba hawezi kuweka mawili, anaweza sana. Mpe punje chache na mayai yakiwa yamembana tumboni utaona anaanza kuongeza la pili, la tatu, juu ya punje ile ile. Linganisha na Culex anaeita wenzake, huyu anamkimbia mwenzake. Wote wanafuata nyumba.

Bi_Choroko
Marahaba mwanangu. Kumbe wenyewe kwa wenyewe wanaheshimiana alafu mie ndo nakuliwa. Sasa nifanyeje nisipate hasara

Kifuu_Kitupu
Anika mpaka zikauke kweli kweli, alafu tia kwenye dumu au pipa la plastiki la mfuniko wa kukaza, ulijaze mpaka juu isibaki hewa, ulifunge usilifungue fungue. Walokuwemo ndani wanaimaliza ile hewa yao wenyewe wanakufa. Kuna na mifuko ya tabaka tatu imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya kunde. Ukitia kwenye gunia la kawaida ni sawa na kuwafungulia mlango.

Micheweni_Juu
Nimesoma yote kimya kimya saivi naingia. Nadharia yako ya nyumba inafeli kwenye mahindi. Nondo wa viwavijeshi vamizi anaweka mayai mia, mia na hamsini, mpaka mia mbili kwenye jani moja, alafu anayafunika na vumbi kama manyoya. Jani moja la mhindi haliwezi kulisha viwavi mia mbili hata siku tatu. Kwa hesabu zako huyo alitakiwa aweke viwili akimbie. Mbona yeye ndo alotushinda sote tokea alipoingia Afrika mwaka 2016?

UrojoMkali
😂😂 Pemba wamefika

Kifuu_Kitupu
Karibu sana kaka, nilikuwa nakusubiri. Nyumba ya kiwavijeshi si jani, ni shamba zima. Akianguliwa anakula maganda ya yai lake, anaparura jani kidogo, alafu wadogo wanashuka kwa uzi wa hariri waliotoa wenyewe, upepo unawachukua unawatawanya miche ya jirani. Na lazima watawanyike, maana wakishakua wanakulana. Ndo maana ukifungua mhindi ndani kule kwenye majani machanga yaliyojikunja mara nyingi unakuta kiwavi mmoja tu, jibwa, wenzake kashawatafuna au wamekwenda zao.

Kwa hivyo mama kazi ya kugawa kawaachia watoto na upepo, yeye kajipunguzia safari. Nondo mzito wa mayai akipita jani kwa jani usiku kucha popo anamwona. Anatua mara moja, anaweka fungu, analifunika na magamba ya mwili wake (hilo ndo vumbi lako), kesho usiku fungu jengine. Maisha yake yote anafika mayai 1,500 na zaidi.

Micheweni_Juu
Mh. Hiyo ya popo nimeikubali, lakini mbona kipepeo wa mdimu yeye hafanyi ivo? Mdimu wangu nakuta viwavi vimoja vimoja, vile vidogo vinafanana na mavi ya ndege.

Kifuu_Kitupu
Huyo Papilio demodocus, anaweka yai moja jani hili, moja tawi lile, mdimu mwengine. Tazama tena nyumba yake, mdimu mdogo na kiwavi anakuwa mnene kama kidole, wakiwa mia watautafuna wote kabla hawajamaliza kukua na wao hawapeperushwi na upepo. Na ile mbinu ya kujifanya mavi ya ndege inafaa ukiwa mmoja, wewe umeona wapi mavi mia ya ndege yamepangwa safu jani moja? Ndege wa kwanza akigundua siri kawamaliza wote.

Wenye sumu ndo kinyume chake. Viwavi wenye rangi za kupiga kelele na miiba wanafaidika kuwa kundi, adui akionja mmoja mchungu anawaacha ndugu zake wote. Wale vipepeo jamii ya Acraea, kama yule anaekula viazi vitamu huku Afrika Mashariki, wanataga mafungu makubwa na watoto wanakaa pamoja wakiwa wadogo. Ukienda pale kituo cha vipepeo Pete karibu na Jozani waulize wanavijiji wanaofuga, wanajua yupi umtafute moja moja na yupi ukikuta fungu moja umepata wa kujaza banda, bila ya kusoma nadharia ya mtu.

Tumbatu_Hewani
Na ukavu? Nadhani fungu linasaidia yai lisikauke, ya kati yanakingwa na ya pembeni.

Kifuu_Kitupu
Ndio, na limepimwa kwa kipepeo mmoja wa alizeti kule Marekani, hewa ikiwa kavu mafungu makubwa yanaangua vizuri kuliko madogo. Kwa unyevu wetu wa visiwani mie silipi uzito sana hilo, ila lipo.

UrojoMkali
Swali la mtu alokula akashiba: kuna mdudu anaetoa kimoja tu? Yani uzazi wa mpango kabisa

Kifuu_Kitupu
Yupo na alikuwa jirani yetu hapa hapa Unguja. Mbung'o. Hatagi kabisa, yai moja linaangulika ndani ya tumbo lake, mama anamnyonyesha mtoto maziwa ya aina yake humo humo ndani, baada ya siku 9 au 10 anamzaa funza mnene, funza anajichimbia udongoni pale pale na hali tena chochote mpaka atoke nzi kamili. Alafu anaanza mwengine. Maisha mazima watoto wanane, kumi, basi. Nyumba hapo ni tumbo la mama na ina chumba kimoja, kwa hivyo hakuna ndugu wa kugombania nae.

Na uchache huo ndo ulommaliza. Unguja ilikuwa na aina moja tu, Glossina austeni, kwenye msitu wa Jozani na maeneo yake, ng'ombe wakipata ugonjwa wa ndorobo. Baada ya kumpunguza kwa mitego na dawa, kuanzia mwaka 1994 madume walofugwa Tanga wakatasishwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege ya angani, mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida anapandwa mara moja tu maishani, akiangukia dume tasa ndo keshakosa uzazi. Mbung'o wa mwisho wa porini kisiwani alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 wakatangaza kwamba wamekwisha. Mdudu wa watoto kumi ukimkatia kizazi hainuki tena upesi. Na kwa sababu ni kisiwa hakuna wa kuingia kwa miguu kutoka jirani.

Karafuu_Kavu
Hilo nalikumbuka, ndege ikipita chini chini watu tukishangaa inatafuta nini. Sasa nieleze, yupo mdudu anaepima kabla hajataga? Si kwa kurithi tabia tu, apime hasa.

Kifuu_Kitupu
Yupo shekhe na huyu ndo nilimwekea akiba. Trichogramma, nyigu mdogo sana, mmoja hata nusu milimita anaweza asifike, mwengine anafika milimita moja, anataga ndani ya mayai ya nondo, watoto wake wanalila lile yai kwa ndani. Nyumba yake ni yai la mwenzake, na mayai ya nondo hayalingani ukubwa. Sasa kabla ya kutaga anapanda juu ya yai anatembea, anapita kutoka upande huu mpaka ule, na muda alotumia kuvuka ndo unaompa kipimo, safari ndefu anaingiza watoto zaidi, safari fupi anapunguza. Watafiti walimkatizia safari akavuka upesi kuliko kawaida, nae akataga pungufu. Anapima kwa miguu.

Na wapo jamaa zake wanaoitwa Copidosoma, anaweka yai moja au mawili ndani ya yai la nondo, nondo akishakuwa kiwavi lile yai moja linagawika lenyewe kwa lenyewe mpaka wanatoka zaidi ya elfu mbili. Hapo mama kahesabu moja, nyumba ikahesabu yaliyobaki.

Karafuu_Kavu
Subhanallah.

Micheweni_Juu
Huyo wa kwanza tuleteeni Micheweni awale mayai ya viwavijeshi.

Kifuu_Kitupu
Duniani wanamfuga kwa kazi hiyo hiyo, wanamwachia mashambani. Tatizo lile fungu la kiwavijeshi lina manyoya juu, nyigu anapata tabu kuyafikia ya chini. Mama nondo hakuyafunika kwa urembo.

Bi_Choroko
Mwanangu mie narudi kwenye nyumba yangu. Kwa maneno yako yote, hawa mbu wa mchana nikimwaga maji ya ndoo nimewaondoa?

Kifuu_Kitupu
Hujawaondoa bi, umewamwagia viluwiluwi tu. Mayai yake yamebandikwa ukutani mwa ndoo juu ya maji, yanakaa makavu yanakusubiri ujaze tena. Sugua ndoo na pipa kwa brashi ndani, hasa ule mstari maji yanapoishia, kila wiki. Vifuu vikusanyeni vichomwe au vilazwe mdomo chini.

UrojoMkali
Na kombamwiko jikoni? Nikimpulizia dawa wiki mbili wanarudi kama wameitwa

Kifuu_Kitupu
Kwa sababu kile kipochi chake cha kahawia hukukitafuta. Kombamwiko mkubwa wa karoni anatia mayai kama 14 mpaka 16 kwenye kipochi kimoja, anakibeba muda mfupi alafu anakibandika nyuma ya kabati karibu na chakula. Yule mdogo wa rangi ya majani makavu wa kwenye friji ana 30 na kitu, mpaka 40, na anakibeba nyuma mpaka yakaribie kuanguliwa. Dawa ya kupuliza haipenyi ndani ya kipochi vizuri. Toa kabati, mulika tochi kwenye pembe za chini, kila kipochi utakachokiona kiponde au kichome.

UrojoMkali
Nimetoa kabati. Vinane. Nakuja.